Mashangazi wa Mama Nyusi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni nyusi. Hazikuwa nyusi za nywele. Zilikuwa zimechorwa kwa wanja wa kahawia, na ya kushoto ilikaa juu kidogo kuliko ya kulia, hata uso wake wote ukawa kama wa mtu aliyedokezwa umbea mtamu na anasubiri sehemu iliyobaki. Nilikuwa nimeingia saluni kwake kusukwa kwa ajili ya mahafali yangu ya chuo. Alinitazama kwenye kioo, akashika nywele zangu kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa dukani, akasema:

"Mwanangu, nani kakufanyia hivi? Tumshitaki?"

Tangu siku hiyo sijasukwa kwingine. Mtaa mzima unamwita Mama Nyusi, naye anaitika bila kinyongo. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka, benchi la wateja na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mashine ya kukaushia nywele iliharibika zamani, ikabaki kazi ya kuning'inizia mikoba. Ukikaa kwenye kiti cha dirishani unamwona fundi simu wa ng'ambo ya barabara akipuliza vumbi ndani ya simu za watu, na yeye anakuona ukifumuliwa, kwa hiyo kila mmoja hujifanya anatazama kwingine.

Anafanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe. Huyo ndiye anayezichora zile nyusi kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa.

"Ukiona ya kushoto imepanda sana," Mama Nyusi aliniambia, "ujue wifi yangu kaamka na kisirani."

"Mwongo huyo," wifi akajibu kutoka kiti cha pili, chanuo likiwa mdomoni. "Imepanda kwa sababu hakai kimya. Nachora, anacheka. Nachora, anaongea. Siku moja nitazichora kidevuni ndiyo utashika adabu."

"Kaka yako alinioa na kidevu hikihiki."

"Kaka yangu alikuwa hajavaa miwani."

Hivyo ndivyo wanavyozungumza kutwa nzima. Mteja mgeni hudhani wamegombana. Mteja wa zamani huomba chai na kusogeza kiti karibu.

Hadithi ya nyusi hizo ilianza siku ya Jumatatu. Nimeisikia mara nyingi, kutoka kwa mawifi wote wawili, na kila mmoja huisimulia akimkatiza mwenzake. Jumatatu asubuhi saluni haipokei wateja. Ndiyo zamu ya wasusi kusukana wenyewe, kwa sababu hakuna msusi anayeweza kujisuka kisogoni, na kichwa cha msusi ndicho tangazo la duka lake. Mmoja hukaa, mwingine humsuka, kisha hubadilishana. Jumatatu moja wifi alikuwa akipasua njia ya katikati alipoona duara dogo, tupu, laini kama limelambwa.

"Wifi, umeanza kuchakaa," alisema, wakacheka wote wawili.

Wiki zilizofuata duara likapata wenzake, na maduara yakakutana. Nywele zikabaki kwenye mto, kwenye taulo, kwenye mikono ya wifi. Baadaye zikaondoka kope, na mwisho nyusi. Hakuwa na homa wala maumivu, wala kipele. Mwanamke mwenye afya njema, kichwa cheupe.

Na msusi asiye na unywele hata mmoja ni shida ya kipekee. Wateja wengine walihamia kwingine bila kuaga. Wengine waliuliza kwa sauti ya chini kama alijipaka dawa mbaya, na kama ni dawa hiyohiyo anayowapaka wao. Mmoja alifuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Wifi akamwambia mbele ya watu:

"Dada yangu, ungekuwa ugonjwa wa kuambukiza, mimi ninayemshika kila siku ningekuwa kama yai. Kaa usukwe, au inuka wenye shughuli wakae."

Yule dada alikaa. Mpaka leo ni mteja.

Mama Nyusi mwenyewe hakuwahi kulia mbele ya wateja. Lakini wifi aliniambia kwamba Jumatatu ziliwashinda. Mama Nyusi alimsuka wifi yake taratibu, akirefusha kazi makusudi, na alipomaliza walikaa tu wakitazamana kwenye kioo. Zamu ilikuwa imefika ya kubadilishana viti, na wifi hakujua mikono yake aiweke wapi.

Aliyefungua mlango ni muuguzi mmoja, mteja wa siku nyingi. Alisema katika hospitali anayofanyia kazi kuna daktari anayetafuta watu wa hali hiyo kwa ajili ya tiba ya majaribio. Mama Nyusi alikwenda na wifi yake. Daktari alikuwa binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, na wifi alipomwona alinong'ona, "Huyu mbona bado mtoto?" Daktari akasikia, akacheka, akasema mama yake pia huuliza hivyohivyo.

Alichowaeleza, kama Mama Nyusi anavyowaeleza wateja, ni hiki. Damu ina seli za ulinzi. Zikiona kijidudu kigeni zinakishambulia, na ndivyo tunavyopona mafua na vidonda. Lakini mara nyingine seli hizo hukosea zikamgeukia mwenye mwili. Kwa mwingine hushambulia viungo vya mikono, kwa mwingine kongosho. Kwake zimekizingira kila kizizi cha unywele na kukiona kama mvamizi. Kizizi hakifi, kinajificha tu, kinaacha kufanya kazi. Sasa, katika damu hiyohiyo kuna seli nyingine chache zinazoitwa seli T dhibiti. Kazi yake ni kuzituliza zile kali zisipitilize, na zile zinazoishi kwenye ngozi hukisaidia hata kizizi chenyewe kuamka na kuotesha unywele.

"Kwa hiyo kwangu hizo hazipo?" Mama Nyusi aliuliza.

"Zipo. Ila huenda ni chache, au zimezidiwa."

Mama Nyusi alifikiri kidogo. "Nimekuelewa, mwanangu. Hao ni mashangazi. Vijana wa nyumbani wamemzingira mtoto, wanataka kumpiga, wanadhani ni mwizi. Anaingia shangazi anasema, 'Wapumbavu nyie, huyu si wa kwetu?' Fimbo zinashuka."

Daktari aliweka kalamu mezani, akasema amesoma miaka mingi na bado hajapata maelezo mafupi kama hayo. Kisha akaongeza jambo ambalo Mama Nyusi alilipenda kuliko yote. Dawa ya majaribio ni sindano ya chini ya ngozi. Ukiitoa kwa wingi huamsha seli kali. Ukiitoa kidogo sana huamsha zaidi zile tulivu, kwa kuwa ndizo zilizo hodari wa kuinasa.

"Yaani unanong'ona," alisema Mama Nyusi, "na mashangazi ndio wenye masikio."

Daktari hakumwahidi chochote. Alimwambia waziwazi kuwa wengine watapata nywele na wengine hawatapata, na kwamba utafiti una awamu mbili. Awamu ya kwanza ni fupi. Mwishoni mwake kila mtu hupigwa picha za kichwa, na picha hizo husomwa na madaktari wengine wasiojua kichwa ni cha nani. Atakayeonekana kuota nywele, hata kidogo, ataingia awamu ya pili, ambayo ni ndefu na ndiyo inayotarajiwa kujaza kichwa. Asiyeonekana atashukuriwa, na sindano zake zitakoma. Masharti yalikuwa machache: asipake mafuta kichwani, asitie kemikali, wala wembe usimguse.

Basi alianza sindano. Na kwa kuwa alijijua, alijiwekea sharti lake mwenyewe: hatajitazama kichwa mpaka siku ya picha, wala mtu yeyote hatamtazama. Alivaa kofia nyepesi ya kitambaa, na juu yake wigi. Kuoga alioga gizani, mumewe akigonga mlango kuuliza kama balbu imeungua.

"Mbegu ukiifukua kila siku kuiangalia, itaotaje?" alisema.

Siku ya picha nilikuwapo. Nilikuwa kwenye kiti cha dirishani, upande mmoja wa kichwa umesukwa na upande mwingine umesimama wima kama umeshtuliwa. Wifi aliniacha hivyo ili amwandae mwenzake kwanza, kwani Mama Nyusi alikataa katakata kupita barabarani ovyo. "Siendi hospitali kama kiazi kilichomenywa," alisema. "Nitengenezee wigi likae vizuri. Wao watalivua wakitaka."

Akakaa, akafumba macho. "Haya, vua kofia. Lakini usiniambie kitu. Nataka nisikie kwa daktari."

Wifi alimfunga shingoni kile kitambaa cheusi cha wateja, akavua kofia. Wakati huohuo alikuwa akitusimulia habari za kaka yake, mume wa Mama Nyusi, ambaye ni fundi bomba hodari mtaa mzima isipokuwa nyumbani kwake. Jana yake alikuwa ametengeneza bomba la jikoni, na maji yakatokea sebuleni. Benchi zima lilicheka. Mama Nyusi alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Namuuliza, kaka, umefunga wapi? Ananiambia, mimi nimefunga, maji ndiyo hayajui..."

Hakumaliza. Ninapaswa kueleza hapa kwamba hakuna mteja anayevishwa wigi saluni hapo kabla ya wifi kupitisha wembe kisogoni na nyuma ya masikio, ili ukingo wa wigi ushike vizuri kwenye ngozi. Amefanya hivyo kwa mamia ya vichwa. Mkono wake wa kushoto unaijua kazi hiyo kama mdomo wake unavyojua kusimulia, na siku hiyo kila kimoja kilikuwa kikifanya kazi yake bila kumshauri mwenzake.

"Wifi," alisema.

"Hayajui nini? Malizia."

"Wifi, usigeuke."

"Umenikata?"

"Afadhali ningekukata."

Kwenye kitambaa cheusi, begani, palikuwa na vumbi jeupe, kama unga uliopeperuka. Mama Nyusi alifumbua macho. Alilichota kwa ncha ya kidole, akalisugua na kidole gumba, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Benchi zima liliinua shingo. Hata fundi simu wa ng'ambo aliacha kupuliza.

"Hizi ni nywele," alisema.

"Nyeupe," wifi akasema. "Laini. Nilidhani... sikudhani kitu. Mkono tu."

"Nyeupe, nyeusi, za kijani, ni nywele! Za kwangu! Zimeota kwangu!"

Aliruka kutoka kitini na kitambaa chake shingoni, akapiga kigelegele ambacho sijui kilikuwa kimefichwa wapi. Benchi likamwitikia. Alimkumbatia muuza ndizi aliyekuja kuomba chenji. Alizunguka kiti mara kadhaa akicheza. Kisha akasimama ghafla katikati ya chumba, mkono ukiwa kisogoni.

"Zimeota kwangu," alisema taratibu, "na wewe umezinyoa."

Wifi aliketi sakafuni, wembe bado mkononi, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. "Nimekuua, wifi yangu. Leo hii! Ningengoja hata kesho!"

Mama Nyusi alimtazama pale chini. Nilidhani atamfokea. Midomo yake ilitetemeka, mashavu yakajaa, halafu kicheko kikamtoka kwa nguvu hadi machozi yakampaka wanja wote usoni. "Inuka," alisema. "Inuka, mnyoaji mkuu. Lete kifuniko cha kopo la mafuta. Tuziokote."

Tuliziokota zile nywele kwa pamba na kibano, tukazifunika kwa nailoni. Nilipouliza kuhusu upande wangu wa kichwa uliobaki, nilikabidhiwa kifuniko na kuambiwa nisipige chafya.

Hospitali, daktari alitazama kifuniko, akamtazama Mama Nyusi asiye na nyusi, akanitazama mimi mwenye nusu kichwa, akavua miwani.

"Nilisema wembe ni marufuku," alisema.

"Daktari, kosa ni langu," wifi aliwahi. "Nifukuze mimi. Yeye hana hatia, alikuwa kafumba macho."

Daktari hakumfukuza mtu. Alileta kifaa kidogo chenye taa, akakiweka kisogoni kwa Mama Nyusi, na picha kubwa ikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta. Ngozi ilionekana kama uwanja, na katika uwanja huo vilikaa vidoti vingi vilivyopangana.

"Mnaona? Hizi hazikung'oka. Zimekatwa tu, na vizizi vimeamka. Nywele za kwanza mara nyingi huja nyeupe na laini hivi. Rangi hufuata baadaye, mambo yakienda vizuri." Alijaribu kuongea kitaalamu, lakini mdomo ulimponyoka ukatabasamu. "Hongera, mama. Mashangazi wamesikia."

"Basi nipige picha!"

Hapo tabasamu likapungua. Picha za utafiti hazipigwi kwa kifaa hicho bali kwa kamera ya kawaida, kwa umbali uleule kwa kila mtu. Nywele zilikuwa zimeota kisogoni na nyuma ya masikio tu, na katika picha ya siku hiyo kisogo kingeonekana kitupu. "Nao wataisoma bila kujua kisa chenu," daktari alisema. "Siwezi kuwapelekea picha ya kifuniko cha kopo."

Alitoka kwenda kumpigia mkuu wake simu. Sisi watatu tulikaa kimya, jambo ambalo kwa mawifi hao ni la kihistoria. Aliporudi alisema picha inaweza kurudiwa mara moja tu, kabla dirisha la awamu ya kwanza halijafungwa, na sababu itaandikwa kwenye taarifa. Wiki chache zilibaki. Ila sindano za awamu hiyo zilikuwa zimekwisha, na nyingine hataruhusiwa kupewa mpaka picha isomwe.

"Kwa hiyo zitaota tena bila sindano? Mashangazi hawatalala?" Mama Nyusi aliuliza.

"Sijui," daktari akajibu. "Ningekudanganya nikisema najua. Natumaini."

Tangu siku hiyo saluni imekuwa na ulinzi. Nyembe zote zimehamia kwenye kabati la juu, na ufunguo anao Mama Nyusi. Kofia haivaliwi tena ndani. Wateja wanaruhusiwa kutazama kisogo, lakini wifi anasimama kando kama askari wa benki.

"Tazama, usiguse. Wewe mama, rudi nyuma, unampulizia wifi yangu."

Mimi nilipewa kazi ya kusoma na kuwaletea habari, kwa kuwa baiolojia ndiyo niliyosomea. Niliwaambia kwamba seli hizo zinajaribiwa pia kwa watu waliopandikizwa figo, ili mwili uzoee figo ya mtu mwingine, na kwa watoto wenye kisukari. Niliwaambia vilevile kwamba katika saratani mambo hugeuka: seli hizohizo hukaa kwenye uvimbe na kuukinga, na hapo madaktari hutafuta namna ya kuzipunguza.

"Ndiyo mashangazi hao," alisema Mama Nyusi. "Wakimpenda mtu, hata akiwa mwizi wanamtetea. Lazima wawepo, lakini wenye akili."

"Mimi pia ni shangazi wa watoto wako," wifi alimkumbusha.

"Nimesema wenye akili."

Wiki ya kwanza hapakuonekana kitu, na utani ulipungua. Wiki iliyofuata Mama Nyusi alipitisha mgongo wa kidole kisogoni akasema kuna kitu kinachokwaruza. Wifi akasema ni ukucha wake. Walibishana mpaka wakamwita fundi simu aje na kioo chake cha kukuzia, anachotazamia waya ndogondogo. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, benchi zima likimsubiri.

"Zipo," alisema. "Nyingi. Na hapa karibu na sikio, kama siyo kivuli, kuna tatu nyeusi."

"Ni kivuli," akasema mteja mmoja.

"Kivuli mama yako!" akajibu wifi, na kigelegele kikaanza upya.

Nimepita pale jioni hii nikitoka kazini. Picha ni kesho kutwa. Tangazo limeshabandikwa mlangoni kuwa saluni itafungwa, na ubishi uliokuwepo ni nani apande gari la fundi bomba, lenye nafasi mbili za mbele na nyuma mabomba matupu. Muuguzi anataka kwenda kwa sababu yeye ndiye aliyeleta habari. Fundi simu anataka kwenda kwa sababu ya zile tatu nyeusi. Yule dada wa leso ameshaomba ruhusa kazini kwake.

Kisogo chenyewe nimekiona. Mwanga wa dirisha ulikuwa ukipita ndani ya nywele, fupi, nyeupe, zimesimama kwa pamoja kutoka sikio hadi sikio, na kati yake nyeusi ambazo nilizihesabu nikapotea. Kama kamera ya daktari itaona ninachoona mimi, sijui. Mama Nyusi naye hajui. Alikuwa akifanya mazoezi ya kukaa wima kitini, kidevu chini, mikono magotini.

"Usitikisike," wifi alimwelekeza. "Na usicheke. Ukicheka kichwa kinayumba, picha inaharibika."

"Nitacheka. Siwezi kwenda kupigwa picha nimenuna."

"Wifi, wanapiga kisogo!"

"Basi kitacheka kisogo."